Askari wa inchi jirani: tuwaite ao tusiwaite?

Maneno yaliyotolewa katika mkutano mkuu wa wanachama, Moba, 2025, mbele ya kura juu ya barua ya vijana

 

Komite ilituomba tuseme kidogo mbele ya kura. Kura yenyewe munaijua. Vijana wa chama waliandika barua, na wanaomba wanachama wote tuitie sahihi, ipitie kwa Administrateri wa teritware, ifike Kinshasa na kwa wakubwa wa inchi jirani. Barua inaomba kitu kimoja: askari wa kigeni wanaotoka Kivu mwaka huu warudi, na safari hii wafike mpaka huku kwetu Tanganyika.

Ile barua tunaelewa inatoka wapi. Mwisho wa Januari Goma ilianguka. Februari, Bukavu. Kisha boti zikafika Kalemie zimejaa watu wa Kivu, wamama wamebeba magodoro na sufuria. Nani kati yetu aliyesikia habari ile bila kukumbuka boti yake mwenyewe? Tulirudi kutoka Zambia kuanzia 2007 tukisema hatutakimbia tena. Leo kuna wamama hapa ndani wanaoweka nguo za watoto katika mfuko mmoja karibu na mlango, kila usiku. Kwa hiyo hatukuja kuwacheka vijana.

Tuseme pia sisi ni nani. Siku za kazi tunavaa jile ya ONG, na ONG haina upande katika vita. Leo jile tumeiacha nyumbani. Tunasema kama wanachama, kama watoto wa kambi ya Mwange, tuliosoma darasa kule chini ya plastiki na kumaliza Lubumbashi juu ya jasho la wazazi wetu.

Mambo tuliyoona sisi wenyewe

Vijana wanasema: jirani akiona nyumba ya mwenzake inaungua, atakaa kuangalia? Ni mfano mzuri. Lakini anayekuja na ndoo ya maji, moto ukizimika anarudi kwake. Anayekuja na bunduki, kurudi kwake ni habari ingine.

Vita ya pili ilianza tarehe 2 Agosti 1998. Rwanda na Uganda waliingiza majeshi pamoja na waasi, Burundi vilevile. Serikali ya Laurent-Désiré Kabila ikaita marafiki. Zimbabwe, Angola na Namibia wakafika mwezi ule ule, Chad ikafuata. Hesabuni: majeshi ya inchi saba za kigeni juu ya udongo wetu.

Sisi tulikuwa katikati. Kalemie ilishikwa mwezi ule wa Agosti, kisha mwambao huu mpaka Moba. Kusini, Pweto ilibaki kwa serikali, na Wazimbabwe walikuwa upande ule. Oktoba 2000 jeshi la serikali likapanda kushambulia Pepa, huko juu kwenye milima yetu. Wiki chache nyuma yake Warwanda na RCD wakalisukuma kurudi, na mwanzo wa Desemba Pweto ikaanguka. Wa rika letu wanakumbuka. Raia, askari wa serikali, Wazimbabwe, wote waliingia Zambia kwa siku zile zile. Zambia ikawanyang'anya askari silaha, na sisi ikatuonyesha njia ya kambi.

Wale waliokuja kutulinda walivuka pamoja na sisi. Hatusemi hivyo kwa kuwatukana. Walikuwa watoto wa watu, na kuna waliokufa huku, mbali na mama zao. Tunasema kwa sababu barua inaandikwa kama vile askari wa kigeni akifika, vita inakwisha. Hapa kwetu walifika, na vita iliendelea kwa miaka.

Wiki iliyopita tulimuuliza mama moja wa chama, upande gani ulikuwa mzuri. Alitujibu: "Bale ba kwanza balikamata mbuzi. Bale ba pili balikamata kuku. Mie nilibakia na mwiko ya bukari, na bukari hakuna." Tukacheka, naye akacheka. Kisha akanyamaza, akatuambia habari ya mtoto wake wa pili, aliyekufa porini kwa kuhara, siku nne tu kutoka nyumbani. Risasi haikumgusa. Wengi wa wale tuliowapoteza walikufa vile: malaria, kuhara, njaa, uzazi bila mkunga. Askari wa kigeni, awe rafiki ao adui, hakuwa na dawa ya ile.

Aliyealikwa na asiyealikwa

Kuna wanaosema wageni wote ni sawasawa. Hapana, tusitie wote katika gunia moja.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1945 unakataza inchi kutumia nguvu juu ya inchi ingine. Unaacha milango miwili: kujitetea unaposhambuliwa, na ruhusa ya Baraza la Usalama. Serikali inayoshambuliwa inaweza kuomba wengine wasimame nayo. Angola, Zimbabwe na Namibia walipita katika mlango ule. Rwanda na Uganda walisema wanalinda mipaka yao, na tusifiche: watu waliofanya mauaji ya 1994 kule Rwanda walikimbilia kwetu na silaha zao. Shida yao ilikuwa ya kweli. Lakini shida ya mpaka haimpi mtu ruhusa ya kushika miji mbali na mpaka wake, kuweka watawala na kubeba dhahabu.

Mahakama ya Kimataifa ya La Haye ilisema hivyo juu ya Uganda, tarehe 19 Desemba 2005. Tarehe 9 Februari 2022 ikaamua Uganda ilipe dolari milioni 325: milioni 225 juu ya watu, milioni 40 juu ya mali zilizoharibika, milioni 60 juu ya utajiri wa udongo. Juu ya Rwanda, mahakama ilisema mwaka 2006 kwamba haina uwezo wa kuisikiliza kesi, kwa sababu Rwanda haikukubali kuhukumiwa pale.

Sasa fikirini mtu wa Kisangani aliyepoteza mguu Juni 2000, wakati Warwanda na Waganda walipopigana wao kwa wao siku sita ndani ya mji ule. Kesi ilifunguliwa 1999. Malipo yakaamuliwa 2022. Jeshi la kigeni linaingia kwa siku moja, na haki juu yake inachelewa miaka makumi mawili na zaidi. Mbele ya kuita jeshi, ni vizuri kujua hesabu hii.

Na aliyealikwa, naye alikuja na hesabu yake. Angola ilisaidia kumwondoa Mobutu mwaka 1997 kwa sababu Mobutu aliwapa nyumba UNITA, waasi wa Angola. Mwaka 1998 Angola ikarudi kumlinda Kabila, kwa sababu ile ile ya UNITA. Zimbabwe haina hata mpaka na sisi. Miezi michache kisha askari wake kufika, mfanyabiashara wa Zimbabwe akawekwa kuwa mkubwa wa Gécamines. Wazee waliofanya kazi Likasi na Kolwezi wanajua. Wachunguzi waliotumwa na Umoja wa Mataifa waliandika katika ripoti za 2001 na 2002 kwamba wakubwa wa majeshi ya pande zote mbili walikuwa wamegeuka wafanyabiashara wa mali yetu. Mwenye kuingiza mkono ndani ya chungu hana haraka ya kuondoka jikoni.

Tusijifanye wasafi pia. Mwaka 1975 inchi yetu yenyewe, ikiitwa Zaire, ilituma askari Angola kusaidia upande mmoja wa vita yao, upande wa FNLA. Walifika karibu na Luanda, wakapigwa, wakarudi. Je, mambo yaliishia pale? Mwaka 1977, na tena 1978, Wakatanga waliokuwa wamekimbilia Angola waliingia na silaha katika Shaba. Angola haikuwa na sababu ya kuwazuia. Kolwezi, Mei 1978, ilikuja kuhitaji askari wa Ufaransa na Ubelgiji. Mobutu alifikiri anapeleka moto kwa jirani, na nyumba yake ikaungua mara mbili.

Siku ambazo ilisaidia

Mzee mmoja wa komite alitukatia neno juzi. Alisema: "Bila Angola na Zimbabwe, Kinshasa ingeanguka Agosti 1998. Munataka kusema afazali ingeanguka?" Hatuwezi kusema hivyo. Adui alikuwa ameshashuka na ndege Kitona, ameelekea Kinshasa, na mji ulikuwa bila umeme. Angola na Zimbabwe walimsimamisha. Huo ni ukweli, tunauheshimu.

Kuna mara zingine mbili tunazopenda kuzitaja.

Ya kwanza ni Bunia, 2003. Watu walikuwa wanauawa barabarani juu ya kabila. Baraza la Usalama likatoa ruhusa tarehe 30 Mei, na Ulaya ikatuma askari, Wafaransa wakiwa mbele. Ruhusa ilitaja mji mmoja, kazi moja na mwisho wake: Septemba mosi. Mauaji ndani ya mji yalisimama, na askari wakaondoka, wakipisha askari wa MONUC wenye nguvu zaidi kuliko wale wa kwanza. Nje ya mji, vijijini, watu waliendelea kufa. Lakini waliookoka Bunia waliokoka.

Ya pili ni 2013. Goma ilikuwa imeshikwa na M23 Novemba 2012. Machi 2013 Baraza la Usalama likaruhusu brigade ya askari kama 3,000 kutoka Tanzania, Afrika ya Kusini na Malawi, ndani ya MONUSCO. Novemba 2013 M23 wakashindwa. Wengi wanakumbuka mizinga tu. Mbele ya mizinga, Februari, inchi za eneo hili zilikuwa zimetia sahihi mkataba Addis Abeba, na wafadhili wakubwa walikuwa wamefunga sehemu ya msaada wao kwa Rwanda. Jeshi letu lenyewe nalo lilipigana vizuri mwaka ule. Bunduki ya mgeni ilikuwa kidole kimoja tu cha mkono.

Mkono ule haukubaki. Waasi hawakunyang'anywa silaha kwa ukweli, watu wao waliokuwa Uganda na Rwanda hawakurudishwa vile ilivyoandikwa, jeshi letu likarudia mambo yake ya zamani. Mwisho wa 2021 M23 wakaanza tena. Askari wa Afrika ya Mashariki walikuja Novemba 2022, wakaenda Desemba 2023. Wale wa SADC walifika Desemba 2023; Januari mwaka huu wakafungiwa Goma, wengine wakafa, na tarehe 13 Machi wakubwa wao wakaamua kazi iishe. Ni askari wa inchi zile zile tatu za 2013. Ushujaa wao haukupungua. Kilichopungua ni mambo yanayopaswa kuwazunguka.

Jirani asiyetuma askari

Sasa tunafika kwa Zambia.

Katika vita ile Zambia haikutuma jeshi. Ingeweza kutafuta sababu: mpaka wetu ni mrefu, na vita ilimwagikia kwake. Badala yake ilifanya mambo matatu. Iliacha mpaka wazi. Ilitupa udongo wa Mwange na Kala, na wanavijiji wa pale walitugawia muhogo mbele ya lori za PAM kufika. Na rais wake, Frederick Chiluba, akaita wapiganaji mezani. Mkataba wa kusimamisha vita ulitiwa sahihi Lusaka tarehe 10 Julai 1999. Haukuheshimiwa upesi, na Pweto ni ushuhuda. Lakini ulitaja kwa maandishi kwamba majeshi yote ya kigeni yatoke, na majeshi yale yakatoka kufika 2002 na 2003. Asiyekuwa na askari uwanjani ndiye aliyeweza kuwaita wote.

Kijana moja atasema: Zambia iliweza kukaa kimya kwa sababu wengine walikuwa wanakufa mahali pake. Neno lile lina uzito. Hatusemi kila jirani afanye kama Zambia. Tunasema tu kwamba kila mmoja wetu hapa ndani ni hai kwa sababu ya jirani mmoja, na jirani yule alitufungulia mlango.

Yale tunayoomba mubadilishe katika barua

Je, inchi itume askari katika vita ya ndani ya jirani yake? Jibu letu: mara chache sana, na kamwe peke ya kutuma askari. Kwa hiyo hatuombi barua itupwe. Tunaomba isitiwe sahihi vile ilivyo leo. Iongezwe mambo matano.

Moja, ruhusa. Askari yeyote aje kwa mwito wa serikali na kwa ruhusa iliyosomwa wazi mbele ya watu. Inchi moja isije peke yake kwa mapatano ya siri.

Mbili, kazi. Ruhusa itaje mahali na kazi: kulinda mji huu, barabara hii, bandari hii. "Kuleta amani" si kazi ya askari. Ni kazi yetu sisi, na haimalizwi kwa miezi sita.

Tatu, mwisho. Tarehe ya kuondoka iandikwe siku ya kufika, na jina la atakayeshika mahali pao liandikwe. Kama ni jeshi letu, serikali iseme italilipa namna gani. Askari asiyelipwa anakula kwa raia. Hatuhitaji mwalimu kutufundisha.

Ine, mashtaka. Mwanamke atakayetendewa ubaya ajue mlango wa kupiga, hapa Moba, na siyo La Haye miaka makumi mawili nyuma.

Tano, na hii tunataka iwe juu kabisa ya ukurasa. Tuombe majirani vitu ambavyo havina bunduki: mpaka ubaki wazi kwa wanaokimbia, madini ya vita yasipite kwao, silaha zisipite kwao, na meza ya mazungumzo isifungwe hata siku moja.

Kuna neno la mwisho juu ya barua. Munakumbuka Agosti 2007 hapa Moba. Uvumi tu, kwamba watu fulani wanaletwa, ulitosha: watu wakavamia nyumba za ONU na za mashirika, wafanyakazi wakaondolewa, na ndugu zetu waliokuwa wanangoja boti kule Mpulungu wakaendelea kungoja. Barua yenye kusema "adui" bila kusema ni nani, katika mji wenye woga, inaweza kumwangukia jirani yako wa avenyu. Vijana wetu, neno lile tunawaomba mulifute. Andikeni "makundi yenye silaha". Raia wa kabila lolote si jeshi.

Yale tunayoweza kufanya bila kungoja mtu

Kura yoyote itakayotoka, kuna kazi ya nyumbani. Kasha la likelemba liwe na sehemu ya dharura isiyoguswa kwa harusi wala kwa matanga. Kila avenyu iandike majina ya wazee, wagonjwa na wamama wenye mimba, na nani atamsaidia nani. Vyeti vya watoto vya kule Zambia, karatasi za mashamba, kadi za uchaguzi, vyote tuvipige picha na nakala ziwekwe mahali pawili. Mwaka 2000 wengi walipoteza shamba kwa kukosa karatasi tu, na munajua kesi zile mpaka leo hazijaisha.

Kwenu wafadhili wetu, tunaomba kwa heshima: musingoje picha za boti. Mfuko wa dawa katika dispanseri leo unagharimu kidogo kuliko kambi kesho, na kesi ya shamba inayosuluhishwa leo inamwondolea kijana sababu ya kwenda porini kutafuta bunduki.

Vijana, hasira yenu ni yetu. Munataka mtu aje kuwalinda mama zenu, na hakuna aibu katika kutaka vile. Tunawaomba tu muandike barua ambayo mama yule wa mwiko akisomewa, atakubali kuweka kidole chake chini.

Barua iko mezani pamoja na kalamu nyekundu. Katibu atasoma mambo yale matano moja moja, na kila moja tutalipigia kura kwa mkono.